Je, Wajua? Makaa ya Mawe, Mlima Elgon na Ardhi Iliyokataa Kuzama

Je, wajua kwamba hata ukichimba kisima cha kilomita nzima uani kwako Kitale, Kiminini, Kanduyi au Chwele, hutakuta tabaka la makaa ya mawe? Wanajiolojia hawahitaji kuchimba ili wakuambie hivyo. Huitazama miamba iliyochomoza kando ya barabara, wakapima umri wake, wakajua kwamba hapa makaa hayakuwahi kupata nafasi. Hata hivyo bado yupo mtu anayeokota jiwe jeusi kwenye Mto Kuywa au Nzoia akaamini umaskini umekwisha. Safu ya leo ni yake, na ni ya kila mwanafunzi aliyekariri orodha ya madini ya Kenya bila kuelezwa kwa nini madini fulani yako kule na huku hayapo.

Je, wajua kwamba makaa ya mawe ni mimea? Ili yapatikane, vitu vitatu lazima vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mimea mingi, maji yaliyotuama, na ardhi inayozama polepole. Mimea peke yake haitoshi. Jani likianguka katika Msitu wa Kakamega huliwa na mchwa, kuvu na bakteria, likaisha. Likianguka kwenye kinamasi, maji huizuia oksijeni, kuoza kukakwama, na mabaki yakarundikana kuwa mboji nyeusi. Ardhi ikizama kwa kasi inayolingana na mrundikano huo, mboji huzidi kwenda chini. Kisha mito huleta mchanga na tope vikaifunika, uzito ukakamua maji, joto la ardhini likafukuza gesi, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni kaboni.

Je, wajua kwamba mboji ya kinamasi huongezeka kwa takriban milimita moja tu kwa mwaka? Inakadiriwa kwamba mita 5 hadi 10 za mboji hubanwa zikawa mita moja ya makaa. Fanya hesabu: tabaka lisilofika kimo cha mtu mzima limebeba maelfu ya miaka ya majani, mizizi na magogo.

Je, wajua kwamba hatua ya kwanza ya safari hiyo unaweza kuiona karibu na Kitale? Nenda Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, iliyotangazwa mwaka 1974 na ambayo ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini Kenya: eneo lake halifiki hata kilomita za mraba 3. Watu huiendea kwa ajili ya nzohe, wale swala wa majini ambao wengi wetu huwaita sitatunga. Ukiwa kwenye madaraja ya mbao, tazama pia chini. Mafunjo na matete yaliyokufa yamelala ndani ya maji meusi, na tope lake halina harufu ya shamba la kawaida kwa sababu hewa haifiki. Mimea ipo. Maji yapo. Kinachokosekana Saiwa ni kile cha tatu: ardhi haizami. Uwanda wa Trans Nzoia uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kazi ya mito yake ni kuukwangua na kuupeleka udongo Budalang'i hadi Ziwa Victoria. Mahali panapokwanguliwa hapawezi kuweka akiba.

Sehemu inayozama na kupokea mchanga na tope kwa mamilioni ya miaka ndiyo wanajiolojia huiita bonde la mashapo. Kumbuka jina hilo, kwa sababu makaa yote yanayochimbwa duniani yametoka katika mabonde ya namna hiyo.

Je, wajua kwamba mawe mengi ya Bungoma ni makongwe kuliko mti wowote uliowahi kuota? Granaiti za vilima vya Sang'alo na ukanda unaoshuka kuelekea Mumias na Maragoli zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Misitu ya kwanza inayojulikana na sayansi ina takriban miaka milioni 385. Wakati granaiti hizo zinapoa chini ya ardhi, nchi kavu ya dunia nzima ilikuwa uchi: hakuna jani, hakuna mzizi, hakuna hata nyasi. Basi makaa yangetokana na nini?

Na hapa pana jambo linalowachanganya hata watu waliosoma. Upande wa Kakamega kuna miamba ya mashapo kabisa: kokoto zilizogandamana, mchanga, tope lililogeuka jiwe. Mtu akiona matabaka hayo anaweza kusema, ‘Si mmeniambia makaa hukaa kwenye mashapo? Haya, mashapo si hayo?’ Ni mashapo kweli, lakini ni ya enzi zilezile za kale, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Tope lake halikupata kuona mmea wa nchi kavu. Miamba hiyo na ile ya volkano ya kale inayopakana nayo ilileta dhahabu, ndiyo maana wazungu na Waafrika walimiminika Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930 na mgodi wa Rosterman ukafanya kazi hadi 1952. Kila enzi ina zawadi yake. Anayetafuta makaa kwenye mwamba wa dhahabu amekosea enzi kwa zaidi ya miaka bilioni 2.

Je, wajua kwamba Kitale nayo ina hadithi tofauti na Bungoma? Chini ya mashamba ya mahindi, na ukielekea vilima vya Cherangani, unakuta miamba geu: mawe yaliyozamishwa kina kirefu, yakabanwa na kupikwa mabara yalipogongana zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita, hadi yakawa na mistari myeupe na myeusi. Ukanda huu unaitwa Ukanda wa Msumbiji, na unapita Kenya, Tanzania hadi Msumbiji yenyewe. Marumaru ya Ortum, kule Pokot Magharibi, ilikuwa chokaa ya chini ya bahari kabla haijapikwa.

Kaboni iliyonaswa katika mashapo ya namna hiyo ikipikwa kupita kiasi haibaki kuwa kitu cha kuwasha. Hugeuka kuwa kinywe, ambayo wengine huiita grafaiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli. Tanzania inayo kwa wingi Mahenge, mkoani Morogoro, na kule Mererani kinywe hukaa katika miamba ileile inayotoa tanzanaiti. Kwa hiyo ukiokota jiwe jeusi la kung'aa linalopaka vidole rangi ya kijivu na kuteleza kama limepakwa mafuta, usilipeleke jikoni. Halitashika moto.

Je, wajua kwamba Mlima Elgon umekaa moja kwa moja juu ya miamba hiyo ya kale, bila kitu chochote katikati? Volkano hii, ambayo kilele chake cha Wagagai upande wa Uganda kina mita 4,321, ilianza kulipuka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Chini ya lava na majivu yake kuna miamba ya zaidi ya miaka milioni 550. Kati ya hapo na hapo pana pengo la zaidi ya miaka milioni 500 lisilo na ushahidi wowote. Enzi zote kubwa za makaa duniani, ile ya Ulaya na ile ya kusini mwa Afrika, zimo ndani ya pengo hilo. Ardhi yetu ilikuwa imesimama juu, ikimomonyoka, wakati nchi nyingine zikizama na kujaza ghala zao. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kustaajabisha kuliko yote katika jiolojia ya magharibi mwa Kenya, na ajabu ni kwamba halifundishwi hata katika shule zilizoko chini ya mlima wenyewe.

Je, wajua kwamba Elgon ilifunika misitu mizima, na bado haikutoa makaa? Ingia Pango la Kitum, katika hifadhi ya mlima huo, ukipitia upande wa Endebess. Pango hilo limeingia mlimani takriban mita 200. Ukimulika tochi kwenye kuta utaona mashina ya miti ndani ya mwamba, mengine yamelala, na mistari ya gome lake unaisoma vizuri. Ukigusa, ni jiwe. Majivu ya volkano yaliifunika miti hiyo ghafla, maji yenye madini yaliyoyeyuka yakapenya ndani ya mbao, na chembe kwa chembe nafasi ya mti ikachukuliwa na madini. Umbo la mti limebaki, kaboni yake imeondoka. Makaa yangehitaji kinyume chake: umbo lipotee, kaboni ibaki.

Kuvuka mpaka wa Suam, eneo la Bukwo nchini Uganda, majivu ya Elgon yamehifadhi majani, matunda na mifupa ya wanyama wa zaidi ya miaka milioni 19 iliyopita. Wasomi wa visukuku huenda huko kusoma jinsi misitu ya Afrika Mashariki ilivyokuwa kabla ya kuwapo kwa binadamu. Hilo nalo ni utajiri.

Na tembo je? Tembo wa Elgon huingia Kitum usiku, gizani kabisa, wakapapasa njia kwa mikonga na kuvunja kuta kwa pembe ili wapate chumvi iliyomo ndani ya mwamba wa volkano. Zamani Wasabaoti nao waliingiza ng'ombe wao mapangoni walambe chumvi hiyohiyo.

Je, wajua kwamba mtu aliyetumwa na Sultani wa Zanzibar kutafuta makaa ya mawe ndiye aliyefika kwenye mapango ya Elgon miaka miwili baadaye?

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na meli za mvuke. Meli za mvuke hula makaa, na makaa yaliyotumika Zanzibar yalinunuliwa ng'ambo na kusafirishwa kwa gharama kubwa. Tangu msafara wa David Livingstone upite Mto Ruvuma mwanzoni mwa miaka ya 1860, habari zilikuwa zimeenea kwamba huko kuna makaa. Sultani alifanya alichopaswa kufanya mtawala mwenye akili: akamwajiri mwanajiolojia. Mwaka 1881 alimtuma Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 23 aliyesomea Edinburgh, apande Ruvuma akaone kwa macho yake.

Thomson alifika mahali palipotajwa. Alichokuta ni mwamba tope mweusi wenye mabaki ya mimea, kitu kinachofanana na makaa machoni na kukataa kufanya kazi ya makaa ndani ya tanuri la meli. Alirudi akamwambia Sultani ukweli, na Sultani hakufurahi. Lakini jambo ambalo hakuna kati yao aliyelijua ni kwamba makaa ya kweli yalikuwapo, mamia ya kilomita zaidi upande wa magharibi, karibu na Ziwa Nyasa.

Mwaka 1883 Thomson huyo alipita nchi ya Wamaasai, akafika Kavirondo, na mwishoni mwa mwaka akapanda Elgon, ambako alikuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Alipoona ukubwa wa mapango aliamua kwamba yamechimbwa na watu wa kale waliokuwa wakitafuta madini. Hapo alikosea. Pembe za tembo na kuporomoka kwa mwamba vinatosha kueleza mapango hayo. Kuhusu makaa, aliripoti kile tu alichokiona na kukipima, na hakukosea. Kuhusu mapango, alikisia. Jina lake limebaki kwa swala tomi na kwa maporomoko ya Nyahururu, lakini nadhani ripoti ile isiyopendeza aliyompa Sultani ndiyo kazi yake ya heshima zaidi.

Je, wajua makaa ya Ziwa Nyasa yalianzia kwenye barafu? Takriban miaka milioni 300 iliyopita Afrika, India, Australia, Amerika Kusini na Antaktika yalikuwa bara moja, Gondwana, na sehemu yetu ilikuwa karibu zaidi na Ncha ya Kusini kuliko ilivyo leo. Barafu ilifunika nyanda za juu. Ilipoyeyuka iliacha mabonde yaliyojaa maji baridi, vinamasi visivyo na mwisho, na ardhi iliyokuwa ikipasuka na kuzama. Vitu vyote vitatu vilikutana.

Bonde la Ruhuhu, kusini magharibi mwa Tanzania, limehifadhi kisa hicho tabaka juu ya tabaka. Mwanajiolojia G. M. Stockley alichapisha maelezo yake mwaka 1932 na kuyapa matabaka namba tangu K1 hadi K8, ambazo bado zinatajwa. Chini kabisa kuna K1, mabaki ya enzi ya barafu. Juu yake K2, tabaka kuu la makaa. Hufuata mchanga, kisha makaa tena katika K4, kisha tope la maziwa, na juu zaidi mifupa. Ni daftari la hali ya hewa la miaka milioni 50 na zaidi.

Hayo matabaka ya juu, yanayoitwa ya Manda, ndimo alimotoka Nyasasaurus. Mifupa yake iliokotwa miaka ya 1930, ikakaa makumbusho bila jina rasmi hadi 2013, na sasa wataalamu wanamhesabu ama dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana ama ndugu wa karibu mno wa dinosaria. Kumbe waliokwenda kutafuta nishati walikuwa wakikanyaga chimbuko la dinosaria.

Je, wajua jani lililotengeneza sehemu kubwa ya makaa ya kusini mwa dunia? Ni la mmea uitwao Glossopteris, uliotoweka zamani. Majani yake yana umbo la ulimi, na visukuku vyake vinapatikana Afrika Kusini, India, Australia na hata Antaktika. Robert Falcon Scott na wenzake walipokufa barafuni mwaka 1912 wakirudi kutoka Ncha ya Kusini, walikutwa na takriban kilo 16 za mawe waliyokataa kuyatupa ingawa walikuwa wamechoka hadi kufa. Ndani ya mawe hayo kulikuwa na majani ya Glossopteris.

Je, wajua migodi yenyewe iko wapi? Kiwira, kaskazini ya Ziwa Nyasa, ulifunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China. Ni mgodi wa chini ya ardhi. Ngaka, wilayani Mbinga, ulianza uzalishaji mwaka 2011 na ni wa kuchimba juu, ambapo udongo na mwamba huondolewa hadi tabaka jeusi lionekane. Mchuchuma, wilayani Ludewa, unatajwa kuwa na takriban tani milioni 428, karibu na chuma cha Liganga. Makaa na chuma kuwa majirani ni ndoto ya kila nchi inayotaka kiwanda cha chuma cha pua, na Watanzania wamekuwa wakiisubiri ndoto hiyo kwa miongo.

Kwa nini hayo yote yako kusini na si huku? Kwa sababu Gondwana ilipokuwa ikinyooka na kupasuka, mipasuko ya wakati huo ilipita kusini: Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia, Malawi, Msumbiji, kusini mwa Tanzania. Tawi moja lilipanda kando ya pwani hadi Kenya. Kongo mashariki nayo ilipata kidogo, kwenye Mto Lukuga karibu na Kalemie.

Je, wajua kwamba huenda wewe msomaji wa Bungoma unakanyaga ndugu wa makaa ya mawe kila asubuhi? Yale mawe bapa ya Mazeras tunayopamba nayo kuta, ngazi na vijia vya nyumba ni mchanga wa kale uliogandamana, kutoka lile tawi la pwani. Likague jiwe moja kwa karibu jua likiwa chini. Baadhi yake yana mawimbi madogo, vidole viwili kutoka tuta hadi tuta, yaliyochorwa na maji ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Hakuna fundi aliyeyachonga.

Ukisafiri kwenda Mombasa, ukipita Voi usilale. Barabara inakupitisha kwenye miamba hiyo kwa mpangilio wa umri, mikongwe kwanza: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras. Majina ya vituo hivyo ndiyo majina ya matabaka yenyewe katika vitabu vya jiolojia ya dunia. Serikali imewahi kutafuta makaa katika bonde la Taru. Mgodi haujafunguliwa.

Je, wajua makaa ya Kenya yaliyothibitishwa yako wapi? Bonde la Mui, Kaunti ya Kitui. Wizara ya Nishati ilianza kulichunguza mwaka 1999, ikaligawa vitalu vinne, A hadi D, na mwaka 2010 serikali ikatangaza kwamba kitalu C pekee kina tani milioni 400. Mwaka 2013 ilitiwa sahihi mikataba na kampuni ya Kichina. Makaa ya Mui si ya daraja la juu. Ni ya daraja la kati na la chini, yenye maji zaidi na joto pungufu kuliko anthrasaiti, makaa ya daraja la juu kabisa.

Tangu mikataba hiyo, zaidi ya miaka 10, mgodi haujafunguliwa. Wenye mashamba juu ya tabaka hilo wamekaa muda wote huo wakijiuliza wajenge nyumba ya kudumu au wasijenge, wapande miembe au wasipande. Jiolojia ina subira ya miaka milioni 200; familia haina. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu takwimu ya tani milioni 400 hutajwa mara mia, na hesabu ya watu wa Mui haitajwi hata mara moja.

Mtambo mkubwa uliotarajiwa kutumia makaa, wa megawati 1,050 pale Kwasasi, Lamu, ulipingwa na wakazi. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake, ikisema umma haukushirikishwa ipasavyo. Viwanda vya saruji nchini bado huagiza makaa kutoka nje ili kuwasha matanuri yao.

Je, wajua bonde la mashapo lililo karibu zaidi na Kitale? Shika barabara ya Kapenguria na Lodwar. Ukishateremka milima ya Pokot umeingia nchi inayozama: Bonde la Ufa. Lokichar, Turkana, pana mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Lakini maziwa ya kale ya hapo yalirundika zaidi mwani, vile vimea vya kijani vya majini, na mwani ukipikwa hutoa mafuta. Kisima cha Ngamia-1 kiliyakuta mwezi Machi 2012. Shehena ya kwanza, mapipa takriban 200,000, ilisafirishwa kutoka Mombasa mwezi Agosti 2019. Mimea ya nchi kavu huleta makaa, mwani huleta mafuta. Kanuni hiyo ni fupi na haisahauliki kwa aliyeiona mara moja.

Je, wajua kwamba gesi ya kwenye makaa inaua? Tarehe 6 Juni 1972 mgodi wa Wankie, leo Hwange, nchini Zimbabwe, ulilipuka na kuua zaidi ya watu 420. Wengi wa waliokufa wamezikwa humohumo chini.

Je, wajua kwamba kinamasi kikubwa cha kuandaa makaa kipo Afrika hivi sasa? Kiko katikati ya bonde la Mto Kongo, kwenye mataifa mawili ya Kongo. Ramani yake ya kwanza ya kisayansi ilichapishwa mwaka 2017: kilomita za mraba 145,500 za mboji, zenye takriban tani bilioni 30 za kaboni. Ikikaushwa itaoza na kaboni hiyo kupaa angani. Dua yangu ni kwamba ibaki na maji yake.

Je, wajua namna ya kulipima jiwe jeusi kabla hujadanganywa? Kwanza lipime mkononi. Makaa ni mepesi, karibu nusu ya uzito wa kipande cha granaiti cha ukubwa uleule. Pili, likwaruze kwenye upande wa vigae usiopakwa rangi: makaa huacha alama nyeusi au ya kahawia, mawe mengi meusi ya kwetu huacha alama nyeupe au kijivu. Tatu, chukua punje na uiweke kwenye makaa yanayowaka ya jiko, nje, mahali penye hewa. Makaa ya mawe hutoa moshi wenye harufu kali na kushika moto. Jiwe la Elgon litapata joto tu.

Na likishika moto? Basi ujue sheria. Kwa Katiba ya 2010 na Sheria ya Madini ya 2016, madini yaliyo chini ya shamba lako ni mali ya Jamhuri, yakishikiliwa na serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi. Mrabaha hugawanywa: asilimia 70 serikali ya taifa, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo lenyewe. Shamba lenyewe ni lako, na huwezi kuondolewa bila fidia. Akija mtu na gari zuri na karatasi za kutia sahihi, mwombe leseni yake ya utafutaji, andika namba yake, kaiulizie katika ofisi ya madini ya serikali, na usitie sahihi hadi upate jibu.